Haipakyubu, torasi au mti mnene: taja masharti kabla ya kutaja mshindi

Swali: “Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mitandao inayounganisha prosesa ndani ya kompyuta sambamba. Nimechora jedwali la mitandao yenye nodi 1,024, kila nodi ikiwa prosesa na ruta yake ya kuelekeza data. Haipakyubu (mchemraba wa pande 10 wenye nodi mbili kila upande) ina kipenyo cha hatua 10 na torasi ya pande mbili (wavu wa 32 kwa 32 ambao kingo zake zimeunganishwa na kingo za mkabala) ina 32, kwa hiyo niliandika kwamba haipakyubu ina utendaji bora. Msimamizi wangu ameirudisha sura hiyo akisema ulinganisho haujakamilika. Kimepungua nini? Na je, kompyuta 16 za maabara yetu, zilizounganishwa kwa swichi moja, zinaweza kunisaidia kupima?”

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako ana haki, na nafurahi amekurudishia mapema. Kipenyo kinajibu swali moja dogo: pakiti, yaani fungu la data, itapita hatua ngapi katika safari iliyo ndefu kuliko zote. Hakisemi kila hatua inachukua muda gani, kiungo kina upana gani, wala kinatokea nini nodi zote zikituma kwa wakati mmoja. Kuna na jambo zito zaidi. Haipakyubu yako ina viungo 10 kwa kila nodi, torasi ina 4. Ukihesabu mtandao mzima ni viungo 5,120 dhidi ya 2,048. Umeulinganisha mtandao na mwingine uliopewa vifaa mara mbili na nusu, na jedwali halimwambii msomaji hivyo.

Ulinganisho wa haki huanza kwa kuamua ni kitu gani kitakuwa sawa pande zote. Nitakuonyesha kwa mitandao yako hiyohiyo miwili, maana hesabu zake ni nyepesi na unaweza kuzirudia mwenyewe kwa karatasi.

Mtandao ukiwa mtupu, muda wa pakiti kufika una vipande viwili vikubwa. Cha kwanza ni idadi ya hatua, ukizidisha kwa mapigo ya saa ya chipu ambayo kila ruta inachukua. Cha pili ni urefu wa pakiti, ukigawanya kwa upana wa kiungo, yaani biti zinazopita kwa kila pigo. Fikiria treni ya mizigo: kichwa kinaweza kuingia stesheni mapema, lakini mzigo haujafika mpaka behewa la mwisho liingie. Kiungo chembamba hurefusha treni. Kipenyo kinakupa habari za kichwa tu.

Sharti la kwanza liwe hili: nyaya zinazovuka katikati ya mashine ziwe sawa. Gawa kila mtandao nusu kwa nusu, pale ambapo unakata viungo vichache kuliko pengine pote. Idadi hiyo ndiyo upana wa mkato wa kati. Kwa haipakyubu ya nodi 1,024 unakata viungo 512. Kwa torasi ya 32 kwa 32 unakata 64. Kama pana nafasi ya nyaya 1,024 za kwenda upande mmoja, haipakyubu inapata biti 2 kwa kila kiungo, torasi inapata 16. Pakiti iwe ya biti 512 na kila ruta ichukue pigo moja. Wastani wa safari katika haipakyubu ni hatua 5, katika torasi ni 16. Haipakyubu: 5 kuongeza 256, jumla mapigo 261. Torasi: 16 kuongeza 32, jumla 48. Mtandao uliouweka wa pili umeshinda zaidi ya mara tano.

Sasa badili sharti. Nafasi ya nyaya za katikati isiwe tatizo, ila chipu ya kila nodi iwe na pini 160 za kutolea data. Haipakyubu itazigawa kwa viungo 10, biti 16 kila kimoja. Torasi itazigawa kwa viungo 4, biti 40 kila kimoja. Haipakyubu inachukua mapigo 5 na 32, jumla 37. Torasi inachukua 16 na 13, jumla 29. Torasi bado iko mbele, lakini kidogo tu. Halafu weka ruta iliyo karibu zaidi na hali halisi, inayochukua mapigo 4 kwa hatua: haipakyubu 52, torasi 77. Mshindi amegeuka, na vipenyo vyako ni vilevile, 10 na 32.

Historia ya fani hii imepita njia hiyohiyo. Mwaka 1983 kundi la Charles Seitz na Geoffrey Fox pale Caltech, chuo cha teknolojia cha California, liliwasha Cosmic Cube, prosesa 64 katika haipakyubu ya pande sita. Enzi hizo kila nodi ilipokea ujumbe wote, ikauhifadhi, ndipo ikautuma mbele. Maana yake ni kwamba treni nzima iliingia na kushushwa katika kila stesheni, na muda wa kupitisha mzigo ukazidishwa kwa idadi ya hatua. Rudia hesabu yetu ya pini kwa utaratibu huo: haipakyubu ni 5 mara 32, yaani 160, torasi ni 16 mara 13, yaani 208. Ndiyo maana wajenzi wa wakati ule waliipenda sana haipakyubu. Connection Machine ya kwanza ya Danny Hillis ilikuwa na chipu 4,096 katika haipakyubu ya pande 12, kila chipu ikibeba prosesa ndogo 16.

Baadaye William Dally na Seitz walionyesha namna ya kukata pakiti vipande vidogo vinavyofuatana, kichwa kikisonga mbele kabla mkia haujaondoka nyuma, bila nodi kukwama zikisubiriana. Hatua zikawa nafuu. Mwaka 1990 Dally akachapisha uchambuzi uliofanya hesabu ya mkato wa kati kama tulivyofanya hapo juu, akahitimisha kwamba torasi za pande chache zina ucheleweshaji mdogo kuliko haipakyubu zinapopewa nyaya sawa. Kizazi cha mashine kilichofuata kinaonyesha mwelekeo huo: Intel Paragon ilikuwa na wavu wa pande mbili, Cray T3D ya mwaka 1993 ilikuwa na torasi ya pande tatu. Mwaka 1991 Anant Agarwal aliingiza muda wa ruta katika hesabu, na idadi ya pande iliyo bora ikapanda kidogo, jambo ambalo umeshaliona tulipotoka pigo moja kwenda manne. Kufikia mwaka 2005 chipu za ruta zilikuwa na uwezo wa kutoa data mwingi kiasi kwamba pakiti ilipita kiungo haraka mno, na hatua zikawa ndizo zenye gharama. Dally huyohuyo, akiwa na John Kim na wenzao, akapendekeza ruta zenye milango mingi na mitandao yenye hatua chache. Hakujipinga. Teknolojia ilibadilisha thamani ya vipande viwili vya hesabu, na jibu likafuata. Katika tasnifu yako, aya moja inayoeleza mgeuko huo ingemfaa msomaji kuliko majedwali kadhaa.

Hadi hapa tumezungumzia mtandao mtupu. Utendaji una upande wa pili, nao ndio unaoumiza programu kubwa: mtandao unaweza kupitisha kiasi gani kabla haujashiba?

Hesabu yake ya awali ni rahisi. Kila nodi ikituma kwa nodi yoyote bila upendeleo, mzigo wa wastani kwa kila kiungo ni kiasi inachotuma nodi, mara wastani wa hatua, gawanya kwa viungo vya nodi. Katika haipakyubu yetu ni 5 gawanya kwa 10, yaani nusu ya kile nodi inachotuma. Katika torasi ni 16 gawanya kwa 4, yaani mara nne yake. Chini ya sharti la mkato wa kati, haipakyubu yenye viungo vya biti 2 inashiba nodi ikituma biti 4 kwa pigo, na torasi yenye viungo vya biti 16 inashiba palepale, biti 4. Sare kamili. Chini ya sharti la pini, haipakyubu inafika biti 32, torasi inaishia 10. Kwa hiyo mtu anayejali ucheleweshaji na mtu anayejali wingi wa data wanaweza kutazama mitandao hiyohiyo miwili, kwa masharti hayohayo, wakachagua tofauti, na wote wakawa sahihi.

Nikupe mfano wa mashine iliyojengwa kweli. Blue Gene/L ya IBM pale Lawrence Livermore, Marekani, ilipokamilika mwaka 2005 ilikuwa na nodi 65,536 katika torasi ya 64 kwa 32 kwa 32. Kila nodi ilikuwa na viungo sita, kila kimoja megabaiti 175 kwa sekunde kila upande. Nodi ikizungumza na majirani zake sita tu, inaweza kutoa megabaiti 1,050 kwa sekunde. Sasa kila nodi itume kwa nodi yoyote ile. Upande mrefu wenye nodi 64 ndio unaobana: safari ya wastani juu yake ni hatua 16, na kuna viungo viwili tu vya kuigawana. Kila nodi inabaki na moja ya nane ya kiungo kimoja, megabaiti 22 hivi kwa sekunde. Kutoka 1,050 hadi 22, mashine ni ileile na nyaya ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anazungumza na nani. Wajenzi walilijua hilo. Kazi nyingi walizolenga hubadilishana data na majirani, na kwa kazi za kujumlisha thamani kutoka nodi zote waliweka mtandao wa pembeni wenye umbo la mti.

Mrithi wake wa baadaye, Blue Gene/Q, ulijibu udhaifu huo kwa kuongeza pande badala ya kurefusha upande. Sequoia ya mwaka 2012 ilikuwa na nodi 98,304 zilizopangwa 16 kwa 16 kwa 16 kwa 12 kwa 2. Nodi zimeongezeka mara moja na nusu, lakini upande mrefu umeshuka kutoka 64 hadi 16 na kipenyo kutoka hatua 64 hadi 31. Kila kiungo ni gigabaiti 2 kwa sekunde, na hesabu ileile inaipa kila nodi nusu ya kiungo, gigabaiti 1. Fugaku ya Kobe, Japani, imefika pande sita: 24 kwa 23 kwa 24 kwa 2 kwa 3 kwa 2, nodi 158,976.

Kwa hiyo usipime kwa trafiki ya nasibu pekee. Hiyo ni trafiki laini. Inasambaza mzigo sawasawa na kuficha kasoro. Ongeza ile ya kugeuza matriki, ambapo nodi ya safu ya tatu, nguzo ya saba inatuma kwa nodi ya safu ya saba, nguzo ya tatu. Hutokea kweli katika mageuzi ya Fourier. Ongeza ile ambayo kila nodi katika duara inatuma karibu nusu ya mzunguko mbele yake: njia fupi zote zinaelekea upande mmoja, na viungo vya upande wa pili vinakaa bure. Na usiache sehemu moja yenye joto, yaani nodi moja inayopendwa na wote. Pfister na Norton walilichambua tatizo hili mwaka 1985. Nodi 1,024 zikielekeza asilimia 1 tu ya maombi yao kwenye nodi moja, mtandao mzima hauwezi kuzidi takriban asilimia 9 ya uwezo wake, kwa sababu foleni inaanzia mlangoni pa nodi hiyo na kurudi nyuma hadi inawaziba hata wasiokuwa na shughuli nayo.

Mtandao wa kereng'ende (dragonfly) unaonyesha vizuri kwa nini njia ya pakiti ni sehemu ya ulinganisho sawa na umbo la mtandao. Kim, Dally, Steve Scott na Dennis Abts waliupendekeza mwaka 2008, na Frontier, kompyuta ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyovuka eksaflopu moja (hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde) mwaka 2022, imejengwa kwa muundo huo. Ruta hukusanywa katika makundi; ndani ya kundi kila ruta inaunganishwa na wenzake wote, na kila kundi lina kiungo kwenda kila kundi jingine. Safari fupi inavuka kiungo kirefu kimoja tu. Chukua umbo dogo la makundi 33, kila kundi nodi 32. Kwa trafiki ya nasibu linafanya kazi nzuri sana. Kisha kila nodi ya kundi la kwanza itume kwa kundi la pili, la pili kwa la tatu, na kuendelea. Nodi 32 sasa zinagombea kiungo kimoja, na uwezo unaporomoka hadi asilimia 3. Dawa yake ilitolewa na Leslie Valiant mwanzoni mwa miaka ya 1980: pitisha pakiti kwanza kwenye kituo kilichochaguliwa kwa nasibu, ndipo iende inakokwenda. Uwezo unapanda hadi karibu nusu. Lakini dawa hiyohiyo ikitumiwa kwa trafiki ya nasibu inakata uwezo kwa nusu bila sababu, kwa hiyo ruta za kisasa hutazama foleni zao na kuamua pakiti kwa pakiti. Ukiandika “kereng'ende” katika jedwali bila kusema pakiti zinachaguliwa njia vipi, hujamwambia msomaji umepima nini.

Mti mnene (fat tree), yaani swichi zilizopangwa kwa ngazi kama mti, ambao Charles Leiserson aliueleza mwaka 1985, unapaswa kuingia katika sura yako pia. Umeuacha nje, na vituo vingi vya kompyuta kuu vinautumia hadi leo. Summit ya Oak Ridge ilikuwa nao. Sifa yake ni kwamba jumla ya uwezo wa viungo haipungui unapopanda juu, ikiwa mjenzi hakubana matumizi kwenye ngazi za juu. Bei yake ni swichi na kebo. Kwa swichi za milango 64, mti kamili wa ngazi tatu unahudumia nodi 65,536 kwa swichi 5,120, na kila nodi inagharimu kebo mbili zaidi kati ya swichi na swichi. Moja kati ya hizo inapanda hadi ngazi ya juu kabisa, ambako umbali huwa mrefu. Kereng'ende kwa swichi zilezile, likijengwa kwa ukubwa wake wote, linatumia nusu kebo ndefu kwa nodi. Kebo ndefu ni za mwanga, na bei yake ni kubwa. Naomba sana uweke safu ya gharama katika kila jedwali: swichi, kebo fupi, kebo ndefu. Bila safu hiyo tutakuwa tumerudi kwenye viungo 5,120 dhidi ya 2,048.

Kuhusu kupima kwenyewe, chora mchoro mmoja kwa kila trafiki: mhimili wa chini uwe mzigo unaotolewa, wa juu uwe ucheleweshaji wa wastani. Mstari utaanza ukiwa karibu bapa, kisha utapinda na kupaa. Mwanzo wake ni ule muda wa mtandao mtupu tuliouhesabu kwa karatasi, na pale unapopaa ndipo mtandao umeshiba. Kama mwanzo wa mchoro haukubaliani na hesabu ya karatasi, tafuta kosa kabla ya kuendelea. Hesabu muda wa pakiti tangu inapozaliwa, pamoja na muda inaosubiri kwenye foleni ya nodi yake. Wanaoanza kuhesabu pakiti inapoingia kwenye ruta ya kwanza hupata mistari mizuri isiyo ya kweli, kwa sababu mtandao ulioshiba huwazuia wateja mlangoni. Acha uigaji utulie kabla ya kuanza kurekodi. Chora pia mzigo uliopokelewa dhidi ya uliotolewa, maana mitandao mingine ikishiba hubaki palepale na mingine hushuka. Na pamoja na wastani, toa ucheleweshaji ambao asilimia 99 ya pakiti hazikuuzidi. Programu sambamba nyingi hungoja ujumbe wa mwisho ufike kabla ya kuanza hatua inayofuata, kwa hiyo pakiti chache zilizochelewa zinaweza kuisimamisha mashine nzima.

Kwa maabara yenu: swichi moja yenye kompyuta 16 ina umbo moja tu, kila mmoja yuko hatua moja kutoka kwa mwenzake. Haiwezi kukuonyesha tofauti ya torasi na haipakyubu. Hata ukiziunganisha upya kwa namna nyingine, sehemu kubwa ya muda utakaoupima kwa ujumbe mdogo itakuwa kazi ya programu ya kutuma na kupokea, si ya swichi. Ndiyo sababu David Culler na wenzake wa Berkeley, walipotoa modeli ya LogP mwaka 1993, walitenga gharama ya prosesa ya kushughulikia ujumbe na ucheleweshaji wa mtandao. Hapo ndipo maabara yenu ina thamani. Tumia vipimo vya MPI (utaratibu sanifu wa programu sambamba kutumiana ujumbe) vya Chuo Kikuu cha Ohio State, ambavyo ni bure, upime jumla ya gharama hizo mbili kwa ukubwa tofauti wa ujumbe, kuanzia baiti moja hadi megabaiti kadhaa. Pima kwanza kompyuta mbili zikibadilishana ujumbe peke yake, kisha zote 16 zikituma kwa zote kwa pamoja.

Maumbo yenyewe yaige kwa BookSim, programu huria kutoka kundi la Dally pale Stanford. Inaiga mtandao pigo kwa pigo na ina torasi, wavu, mti mnene na kereng'ende. Haipakyubu utaipata kwa kuiagiza torasi au wavu wa pande 10 zenye nodi mbili kila upande. Nakushauri wavu, kwa sababu torasi ya nodi mbili inaweza kukuwekea viungo viwili kati ya jirani na jirani na kuharibu hesabu ya pini. Anza na nodi 64 mpaka namba zako zilingane na karatasi, ndipo upande hadi 1,024. Upana wa kiungo huwekwa kwa kubadilisha idadi ya vipande katika pakiti: kwa sharti la pini, pakiti ya biti 512 ni vipande 32 katika haipakyubu na 13 katika torasi. Endesha kila sharti kwa trafiki nne, ukiwa na ruta ya pigo moja na ya mapigo manne, na uandike sharti hilo katika kichwa cha kila mchoro.